Ngome ya Ndambuki

Nyumba za watu wa bara zilipochomwa upande wa Likoni, Agosti ya mwaka wa tisini na saba, familia tisa za Wakamba waliolima Kinondo zilikubaliana kulala katika boma moja. Lilikuwa boma la Ndambuki, koplo mstaafu aliyerudi miaka miwili nyuma kutoka Yugoslavia, alikokuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mkewe, Mbithe, alikuwa na diploma ya afya ya jamii na watoto wanne.

Ndambuki aliwaeleza kwamba jeshini walifundishwa ngome zimepitwa na wakati, ndege na mizinga zimezimaliza. Kisha akafika Yugoslavia akakuta kila mtu anachimba handaki na kujaza magunia mchanga, wenye vifaru na wasio navyo. Aliyekuwa nyuma ya gunia ndiye aliyeishi. Kwa hiyo wanaume walijaza magunia siku sita, wakayapanga hadi usawa wa kifua, wakaacha mlango mmoja unaotazama barabara.

Mbithe aliuliza maji yatatoka wapi. Kisima kilikuwa cha jirani yao Kadzo, mjane mwenyeji wa pale, hatua arobaini nje ya magunia. Ndambuki alisema kukizungushia kutahitaji magunia mia zaidi, na isitoshe, nani ajuaye wana wa Kadzo wako upande gani. Watachimba chao ndani. Akamtumia Kadzo ujumbe asikaribie boma bila kutaja jina, maana walinzi wana pinde.

Kadzo alitaja jina, akaja, akawaambia wakomee kwenye maji ya kwanza, kwa sababu chini yake ni bahari. Ndambuki alicheka. Kwao Kitui kisima cha kutegemewa ni kirefu, naye alitaka maji ya kutosha mwezi mzima wa kuzingirwa. Kwenye futi kumi na nane walipata maji matamu. Wakaendelea hadi ishirini na saba. Asubuhi uji ulikuwa wa chumvi, watoto wakautema.

Siku ya pili mitungi ya akiba ilikwisha, na mtoto wa Kavindu, mmoja wa wanawake waliolala bomani, alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Mbithe aliujua mwisho wa jambo hilo. Akatoka kwenda kwa Kadzo.

“Maji sikunyimi, mwanangu,” Kadzo alisema. “Lakini mumeo na aje mwenyewe abishe hodi. Mimi nikija kwenu natajishwa jina kama mwizi.”

Mbithe alirudi, akaanza kuvuta magunia ya upande wa kisima. Wanawake wengine wakamsaidia.

“Hapo ndipo watakapoingilia,” Ndambuki alisema.

“Na hapo ndipo mtoto wa Kavindu atakapopata maji. Chukua mtungi.”

Aliuliza kama aende na upinde. Mbithe alimpa mtungi wa pili, mikono yote miwili ikajaa.

Ndambuki alizivuka zile hatua arobaini ameinama kidogo, kama mtu anayetarajia kupigwa risasi. Kadzo alikuwa akimenya muhogo mlangoni.

“Hodi, mama. Shikamoo.”

Kadzo alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi ndipo akajibu.

“Marahaba. Karibu. Kamba ile pale. Anza na ya mgonjwa.”