Bwawa la Mjomba Erasmo

Mjomba Erasmo alikuwa na Ziwa Nyasa zima mbele ya nyumba yake ya wageni pale Lipingo, na bado akaona maji hayatoshi. Akataka bwawa la kuogelea. Mtu aliyezeekea kwenye mashamba ya kahawa huko Mbinga, asiyethubutu kuingia ziwani hata maji ya magotini, eti anataka wageni wakae ndani ya shimo huku wameligeuzia ziwa mgongo.

Ningecheka tu, lakini msingi wa nyumba ile niliusimamia mimi, injinia wa familia. Ufukweni pale ni mchanga mtupu, kwa hiyo tulishindilia nguzo ndefu za zege hadi kwenye mchanga uliokaza, nyumba ikakaa juu yake, imeinuka kutoka mchangani. Nikamwambia mjomba kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani: nguzo hizi zinabeba uzito wa kutoka juu. Ukichimba kando yake, mchanga utahamia shimoni, na ukihama utazisukuma kwa ubavu. Kwa ubavu hazina nguvu hiyo.

"Devotha, mwanangu," akasema, "Mmatengo unamfundisha mashimo? Ngoro zetu zimeshika udongo mlimani tangu enzi za mababu. Shimo linashika udongo, bwana!"

Ngoro! Yale mashimo tunayochimba kwenye mashamba ya miteremko ili mvua isikokote udongo, kingo zake zikiwa na majani yaliyofukiwa kwenye udongo mzito. Mzee huyu alidhani mchanga wa ziwani nao ni Mmatengo, utamtii kwa sababu ya ukoo.

Akachimba. Shimo likajaa maji, maana ziwa liko palepale. Akaleta pampu ivute maji, na maji yakatoka na mchanga. Mjomba akawa anatamba kwamba bwawa linajichimba lenyewe. Ujinga wa namna ile hauna dawa.

Siku ya ufunguzi wa bwawa nilifika asubuhi, nikakuta mlango wa baraza umekwama. Nikaingia chini ya nyumba. Nguzo za upande wa bwawa zilikuwa zimeinama kuelekea shimoni. Mchanga wa mbele yake ulikuwa umeporomoka, ule wa nyuma umezilalia, na nguzo moja ilikuwa imepasuka karibu na juu, nondo zinaonekana.

Juu ya kichwa changu kiti kikaburutwa. Alikuwa mama yangu Otilia, dada mkubwa wa Erasmo. Mdogo wake alikuwa amemketisha barazani kama mgeni wa heshima, na kitenge kipya juu. Nikatoka mbio.

"Mama, shuka. Baraza hili litaanguka."

"Nishuke, halafu hawa wote waliotoka Mbinga waseme nimemkimbia ndugu yangu siku yake? Niache."

Nikamfuata mjomba, ambaye alikuwa amesimama mbali, barabarani, karibu na masufuria ya pilau.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mtoe mama pale barazani. Nguzo zimeinama, moja imepasuka."

Akacheka kwa sauti ili wageni wasikie. "Nyumba hii ni jabali! Injinia anaogopa nguzo zake mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kule barazani, kwa fahari, akapaza sauti: "Erasmo! Basi njoo ukae na mimi, tupigwe picha."

"Nakuja, dada. Napokea wageni kwanza."

Hakuna mgeni aliyekuwa anaingia.

"Watajipokea. Njoo."

"Jua kali huko, dada."

"Baraza lina paa, Erasmo."

Mjomba akarekebisha kofia yake. Kisha jicho likamponyoka, likashuka chini ya baraza, kwenye nguzo, likarudi haraka kwenye pilau. Hakusogea hata hatua.

Mama akaacha kucheka. Akasimama, akabeba kiti chake, akashuka ngazi polepole nikiwa nimemshika kiwiko. Akapita mbele ya mdogo wake bila kumtazama, akaenda kukaa kwa akina mama waliokuwa wanaanika usipa, dagaa wa ziwani. Mjomba akaita mara mbili. Mama hakugeuka.

"Alijua," akaniambia. "Alijua, akaniweka mimi."