Byungu bya Mapasa mu Cheminée

Ile nyumba ya ku Karavia, muzungu mwenyi kuijenga alikuwa analilia bahari ya kwao. Njo maana aliweka madirisha ya mviringo sawa ya meli, na barza ya kuangalia maji. Maji yenyewe ni ya ziwa, lakini mwenyi hamu hachagui. Kuta ni za matofari ya udongo wa kichuguu, nene kama tumbo ya kapita, musimamizi wa kazi. Paa iko juu sana, joto ipande kule iache bantu. Na cheminée, mahali ya kuwashia moto mu ukuta, sababu baridi ya mwezi wa sita haikuogopa muzungu.

Mama yangu Kapya alikuwa yaya mule. Mi nilikulia mu boyerie, kanyumba ka batumishi kule nyuma. Sasa mutoto wangu Gauthier ameinunua yote, akanitoa mu mutaa ya Katuba nikae naye. Nikalala mu chumba ya Madame, bibi ya muzungu! Nilicheka peke yangu mpaka kitanda kikalia.

Bibi ya Gauthier, Deborah, alitaka cheminée ibomolewe, aweke televizyo. Mi napenda kuota moto ku miguu pale. Nikamwambia Deborah, "Mutoto wangu, usiguse. Mule ndani bantu banalala." Mzaha tu.

Kesho yake Chanda, fundi, akapiga nyundo. Matofari yakaanguka. Ndani: byungu bibili bidogo, bimeshikana tumbo kwa tumbo, bimepakwa pemba, udongo mweupe.

"Yesu!" Deborah akarudi nyuma mpaka ukutani. "Alijua! Alisema muko bantu! Gauthier, mama yako iko mulozi!"

Nikacheka. Nilifikiri bote batacheka. Hakuna aliyecheka. Nikaangalia mutoto wangu, niliyemubeba mu mugongo mpaka karibu aote ndevu. Akaangalia chini.

"Mama, kamata bintu yako. Nakurudisha Katuba."

Mulozi, mi? Muchawi? Mwanamke muzee akifukuzwa na mutoto wake juu ya bulozi, Katuba nzima nani atamufungulia mulango? Begi yangu ikatupwa mu gari. Nikaingizwa mbele kama mugonjwa.

Mu kioo nikaona Chanda anatoka na byungu, mikono mbali na kifua, anatafuta jiwe ya kubipasulia. Njo kinywa changu kikafunguka chenyewe. Nikaimba wimbo wa mapasa, ule wa Baluba, wenyi kutukana bya chini ya baba na bya chini ya mama bila haya. Mapasa basipotukanwa banakasirika! Madame alizaa mapasa mule, batoto babili siku moja, na mama yangu, Muluba kabisa, akabafinyangia byungu byao bya kubalinda. Hiyo nilijua. Kwenye alibificha, sikujua.

Deborah akaziba masikio. Chanda akasimama. Yeye ni Mubemba, lakini kwao pia mapasa banaimbiwa matusi.

"Ee mama, kumbe ni mapasa!" Akaweka byungu chini polepole, akaitika kwa Kibemba, matusi mabaya kushinda yangu. "Patron, mulozi gani anatengenezea batoto kitu ya namna hii?"

Gauthier akakuja ku gari. "Mama, shuka."

"Sishuki."

"Nakuomba, mama."

"Sema mbele ya bibi yako na mbele ya fundi: mama yangu haiko mulozi."

Akasema.

"Masikio yangu imezeeka. Sema tena."

Akasema tena, sauti ikamukatikia katikati. Nikasukuma mulango wa gari, ukanishinda, akaufungua yeye.