Dakika Themanini za Shangazi

Kiherehere changu ndicho kilichoniponza, wala simsingizii mtu.

Shangazi si ndugu yangu. Ni mkuu wa chumba chetu cha kuongoza chombo cha angani, na sote tunamwita hivyo kwa sababu anatugombeza kama watoto wa kaka yake. Chombo kina miaka kumi na tisa huko kwenye sayari kubwa, ile tunayoiita Jitu. Kimetuonyesha dhoruba zinazoweza kuimeza dunia yetu nzima, na miezi ambayo hakuna aliyejua kama ipo. Lakini roho ya Shangazi iko kwa mwezi mmoja mdogo wa barafu, Birika. Yeye ndiye aliyegundua kwamba unatoa mvuke kupitia nyufa zake, na kwamba chini ya barafu kuna bahari. Nyufa zenyewe hajawahi kuziona kwa karibu. Chombo kilipopita karibu mara ya kwanza kamera iligoma, mara ya pili nyufa zilikuwa kivulini.

Jana ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Mafuta yameisha. Kesho kutwa chombo kinatumbukizwa ndani ya Jitu kiungue, kisije kikaangukia Birika na kuichafua bahari ile kwa vijidudu vyetu.

Sasa, utaratibu wetu ni huu. Ratiba tunaiandika kwa saa ambayo habari zitatufikia hapa. Kwa kuwa habari hukaa njiani dakika themanini, kabla ya kutuma lazima dakika hizo zipunguzwe, kamera ifunguke kwa wakati wa huko. Mimi naandika, Shangazi anapunguza. Ndivyo ilivyo siku zote.

Jana asubuhi alikuja macho mekundu, amekesha hospitali na mjukuu wake. Nikamwonea huruma. Nikapunguza mwenyewe, nikamwekea karatasi mezani, nikaenda zangu kuchemsha chai. Naye akapunguza. Saa tano tukatuma.

Saa saba tukiwa tunakula, akacheka. "Haya, nimepunguza dakika zangu themanini kwa mara ya mwisho. Nyinyi nitawakumbuka, ila hizo hapana."

Nikaliacha tonge. Nikakimbilia karatasi. Kamera ingefunguka saa saba na dakika ishirini, ipige picha za giza mpaka ijae, na Birika ingepita saa tisa kasoro dakika ishirini.

Shangazi alinifuata, akasoma, akakaa kitini taratibu. "Nimepunguza mara mbili," akasema. "Uzee huu. Mtoto amelia usiku kucha, akili sikuwa nayo."

Karatasi ilikuwa na sahihi yake peke yake. Ningenyamaza, angekufa akijua kosa ni lake. Nilijichukia kwa kuliwaza hilo.

"Ni mimi, Shangazi. Nilitaka upumzike."

Alinyanyua simu atafute pa kutumia marekebisho, maana yakitumwa papo hapo yangewahi. Dishi letu la kuwasiliana na chombo ni moja tu, na Jitu lilikuwa limeshazama upande wetu tangu saa sita na nusu. Wenye dishi upande wa pili wa dunia wakasema lao limefunguliwa kwa matengenezo, mafundi wako juu yake mpaka jioni. Akawashukuru, akakata.

Basi tukakaa, watu wawili na shahada zetu ukutani, tunatazama saa. Saa saba na ishirini ikafika, ikapita. Chakula kikapoa. Saa tisa kasoro ishirini nayo ikafika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yetu tuliyaona yakiinamishwa na hatukuwa na mkono wa kuyashika. Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza.

Leo asubuhi, Jitu likiwa limeshachomoza, picha zikaanza kushuka. Nilimwambia asijisumbue kuziangalia. Akavaa miwani, akazifungua moja moja, zote mia mbili na kumi na mbili, kila moja nyeusi tii. Ya mwisho aliitazama muda mrefu.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Nilikuwa meza ya pili."