Vitunguu Viwili vya Nyumba ya Sanghvi

Mjini Ahmedabad jua la Desemba halina subira, na katika nyumba ya akina Sanghvi likizama limezama na chakula. Kalenda iliyotundikwa karibu na jiko ilionyesha saa za kuzama kwake siku kwa siku, na Jumanne hiyo ilisema saa kumi na moja na dakika hamsini na sita. Saa kumi na moja u nusu familia nzima ilikuwa imekwisha kula chapati, dengu na maharage mabichi. Robo saa baadaye Charmi alikuwa amesimama kwenye karo, mswaki mkononi. Alibakiwa na dakika kumi na moja za kusafisha meno ishirini na manane yaliyofungwa waya, kwani baada ya hapo, kwa dini yao, hata tone la maji haliingii mdomoni mwa mtu yeyote wa nyumba hiyo mpaka kuche.

Dakika kumi na moja hazitoshi, na asiyeamini na afunge waya ajaribu. Unasugua juu ya waya, unasugua chini yake, unauinamisha mswaki kwenye fizi, unapitisha kiburashi chembamba jino kwa jino, halafu bado kuna uzi. Charmi alikuwa amefika jino la tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto, pale mama yake Nayna aliposema kutoka mlangoni, "Tema." Charmi akatema.

Asubuhi yake haradali ya kwenye dengu ilikuwa imemwota mdomoni. Ilikuwa na majani mawili, ya kijani safi, yamechungulia kati ya waya na jino lile lile la tatu. Mbegu iliyokaangwa kwenye mafuta haioti, kila mpishi anajua, lakini hii iliota. Nayna aliitazama akasema isiguswe, maana ni kiumbe hai, na katika nyumba hiyo kiumbe hai haking'olewi hivi hivi. Charmi akaenda nayo chuoni, na mwalimu wa hesabu za biashara akamhamishia karibu na dirisha ili ipate mwanga.

Daktari Vaidehi Trivedi, aliyekuwa akimnyoosha meno tangu mwaka uliopita, aliing'oa kwa kibano siku ya Alhamisi.

"Kushoto," alisema. "Unatumia mkono wa kulia, ukifika huku umechoka. Wote huota kushoto. Fizi zako nazo zimevimba, umeziona?"

"Jua linaniwahi, daktari."

"Basi anza kushoto."

Haradali ile daktari akaipanda kwenye mkebe. Dirisha lake lilikuwa limejaa mikebe ya uwatu, giligilani na choroko, na pilipili moja ndefu ya karani wa benki ambaye hakupenda kutumia uzi.

Nyumbani, ukaguzi wa mdomo ulikuwa kazi ya Babu Ratilal. Alikuwa na miaka sabini na minne, mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu vitambaa lakini hakustaafu amri. Baba yake Charmi naye aliishi humo, na kazi yake ilikuwa kukubali. Kila asubuhi Babu alimwita mjukuu wake kibarazani, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja na kutaja alichokiona. "Choroko. Haya, choroko si dhambi. Bizari, si dhambi. Nenda."

Ukaguzi huo haukuwa wa mchezo. Charmi alikuwa amepata nafasi Vadodara, kozi ya mwaka mmoja ya maabara ya vyakula, na kitanda katika bweni la wasichana. Barua ya kukubali ilitakiwa irudishwe na sahihi ya mkuu wa familia kabla ya sikukuu ya kurusha vishada, katikati ya Januari. Charmi aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alikuwa na miaka ishirini, umri ambao mtu hutaka mambo kwa nguvu. Babu hakukataa. Alisema msichana anayekwenda kulala bwenini ni lazima kwanza mdomo wake uaminike.

Sasa, huko Vadodara hakuna aliyekufa kwa kukosa kiazi, ambacho nyumbani kwao ni mwiko. Lakini kuna jambo lazima lisemwe. Akina Sanghvi hawali kinachokua chini ya udongo, maana kukichimbua ni kuua mmea pamoja na vijidudu visivyo na idadi, na kitunguu ndicho kinachoogopwa zaidi, kwa sababu kinapiga kelele puani. Na nje ya lango la chuo cha Charmi palikuwa na mwanamume mwenye mkokoteni wa dabeli: mkate wa duara, ndani yake viazi vya kupondwa, njugu, punje za komamanga, na juu kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Charmi alikuwa amekula nne tangu Novemba. Hakuna aliyoijutia. Ya tano aliila Ijumaa saa kumi alasiri, ikawa tamu kuliko zote, na jua likamwahi tena.

Jumamosi aliamka na kitunguu.

Kilikuwa na jani moja, refu, lenye uwazi ndani kama mrija. Saa tatu asubuhi lilikuwa limefika puani. Saa sita lilikuwa sikioni, na Charmi hakuweza kufunga mdomo. Harufu ilishuka ngazi ikaenda kubisha hodi kwa jirani yao, Bi Kokila, ambaye alipanda mara moja akiwa na bakuli tupu, akisema amekuja kuomba sukari.

"Hicho ni nini?" Babu aliuliza, ingawa alikuwa anakiona.

"Kitunguu, Babu."

"Kimefikaje huko?"

"Nilikula."

Hapo ikabidi kishughulikiwe. Kuking'oa ni dhambi, hilo hakuna aliyebisha. Lakini Babu alikumbuka kwamba Daktari Trivedi si wa dini yao, na dhambi za kung'oa alikwisha kuzizoea. Akapigiwa simu, akaja kwa pikipiki na kibano chake. Wakati wa kung'oa, Babu aligeukia ukutani, na baba yake Charmi akageukia ukuta huo huo.

"Shina lake zuri," daktari alisema. "Mnataka niwaachie?"

Hawakutaka. Babu alichukua barua ya Vadodara, akaikunja mara nne, akaiweka kabatini kati ya shuka.

"Babu," Charmi alisema, mdomo ukiwa bado na pamba, "na zile bajia za vitunguu za ng'ambo ya daraja? Shali yako inanukia kila Jumapili."

"Charmi," Nayna alisema haraka. "Meza mate."

Babu alisema shali hunasa harufu za watu. Akaenda kulala.

Lakini mwosha huoshwa. Wiki iliyofuata Babu Ratilal aliwekewa meno mawili ya bandia upande wa kushoto, juu ya kibao kidogo chenye ndoano mbili za waya. Daktari Trivedi alimwambia akivue kila jioni, akisugue, asafishe na fizi zake. Babu alimsikiliza kwa adabu. Nyumbani akasema, "Meno yenyewe si yangu. Ya mwenzio unayasafishia nini?"

Jumapili akaenda ng'ambo ya daraja na wazee wenzake kunyoosha miguu. Akarudi ameshiba. Jumatatu asubuhi alishuka kunywa chai akiwa ameinamisha kichwa kama anayepita mlango mfupi, kwa sababu kitunguu chake, kilichoota kwenye kibao, kilikuwa na majani matano na ua. Ua lilikuwa jeupe, la mviringo, na nyuki wawili walikuwa wamekwisha kufika. Nayna alimtilia chai, akamwekea mrija. Charmi alikuwa na maneno mengi sana, akayatafuna pamoja na chapati.

Bi Kokila alikuja kurudisha sukari ambayo hakuwahi kupewa. Alizunguka kiti cha Babu mara mbili, akatoa uamuzi.

"Mzee wetu mdomo wake umetakasika," alisema. "Kitunguu kiliingia chenyewe, kwa upepo, mdomo ukakikataa. Ndiyo maana kimetoka."

"Na changu?" Charmi aliuliza.

"Chako kilitoka kwa sababu ulikula, mwanangu. Usifananishe."

Babu alifumba macho kwa unyenyekevu. Majani yakatikisika.

Kuhusu kukiondoa, daktari hakuitwa. Babu alieleza kwa upole kwamba kung'oa mmea ni kuua, na kwamba yeye katika umri wake hataki damu ya kitunguu mikononi. Watu wakaanza kuja kumtazama. Walikuja wa mtaa, wakaja na wa ng'ambo ya mto, wakivua viatu mlangoni na kugusa miguu yake, nao nyuki wakawa wanapisha. Muuza bajia wa ng'ambo ya daraja naye alikuja siku moja, akainama, akagusa miguu, akaenda zake bila kusema alikuwa akijua nini.

Ila kibao kilianza kunuka, na fizi za Babu zikawa nyekundu. Hapo akakumbuka kwamba nyumbani kuna mtaalamu.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayejua mambo ya waya," alisema. "Utakuwa unanisafishia. Majani ukiyapunguza si dhambi, lakini shina usiliguse."

"Na barua, Babu?"

"Barua gani?"

"Ya Vadodara. Kinywa changu na chako vimeota kitu kimoja."

Babu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Cha kwangu kimetoa," alisema. "Cha kwako kiliingiza."

Sikukuu ya vishada ikafika. Anga yote ya Ahmedabad ikajaa karatasi za rangi, na watu walikaa juu ya mapaa tangu alfajiri wakikatana nyuzi. Kishada kimoja chekundu kilinasa kwenye kitunguu cha Babu, akafurahi mno. Charmi alikinasua kwa uzi wa kusafishia meno. Siku iliyofuata, kitanda cha Vadodara alipewa mtu mwingine.

Februari Daktari Trivedi alimfungua waya. Charmi alipitisha ulimi juu ya meno yake, akakuta hakuna pa kukwama.

"Sasa mdomo wako ni kama wa mtu yeyote," daktari alisema. "Hautasema kitu."

Kisha akampa kibao chembamba chenye waya mmoja, cha kuvaa akilala ili meno yasirudi yalikotoka. Akamwambia akisafishe kila siku, akamshika bega kidogo.

Hivyo sasa kuna glasi mbili kwenye rafu juu ya karo. Kila jioni, kabla ya jua kuzama, Charmi husafisha kwanza kibao cha Babu. Husugua ndoano, hupitisha kiburashi, hupunguza majani kwa mkasi mdogo, na shina haligusi. Kisha hutia chumvi kidogo kwenye majani hayo, akayala hapo hapo amesimama. Kisha hupiga mswaki: juu, chini, kwenye fizi, kiburashi, uzi. Siku hizi huanza kushoto, na dakika kumi na moja zinamtosha na kubaki.

Ukaguzi wa Charmi umekabidhiwa Nayna, maana Babu ana wageni. Jioni moja mama alimsimamisha mwanawe kwenye mwanga wa dirisha, akainua kibao chake cha waya, akakigeuza huku na huku. Kisha akamwinua kidevu na kukitazama kinywa kwa muda mrefu, jino kwa jino. Akasogeza pua. Akanusa.

"Safi," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Kesho uniachie kidogo."

Charmi alimuuliza kama barua bado iko kabatini. Nayna akajibu kwamba ipo, Jumapili alibadilisha shuka akairudisha palepale.

Kibarazani Babu alikuwa akimweleza mgeni mmoja jinsi upepo unavyovuma. Jua likazama saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja, kama kalenda ilivyosema.