Marehemu Apewa Upande wa Pili

Dada mtu alikuwa akipaka ulimbo kwenye upinde wa selo, ile fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti, na mdogo wake Mtunzi akimpangia karatasi za noti, Marehemu alipoingia studio. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikufa miaka mia tatu iliyopita, na nywele zake za bandia zilidondosha unga mweupe zuliani. Fundi mitambo alimwomba avue viatu.

Santuri waliyokuja kurekodi ilikuwa ya pande mbili: upande wa kwanza tungo za Marehemu, wa pili tungo za Mtunzi, alizozihangaikia miaka sita huku akifundisha watoto wa watu kusoma noti. Mtayarishaji alimletea Marehemu kiti na chai. Mtunzi alikuwa amesimama tangu juzi.

"Taratibu hapo, mama," Marehemu alimwambia dada mtu. "Sikuandika watu wakimbizane."

Walipofika upande wa pili, Marehemu akaweka kikombe chini.

"Nani kaandika hii?"

"Mdogo wangu, huyu hapa."

"Umethubutuje kuweka kimya kirefu hivyo, binti? Mimi ningeogopa watu wataondoka."

"Huwa wanaondoka, mzee," Mtunzi akasema.

Marehemu akahamia kwa Mtunzi. Alilala kwenye kochi, hakuwa mlaji, na kila jioni alifundishwa vile vimya, ile mikwaruzo ya upinde, na namna ya kuigonga selo kwa kiganja. Alikuwa mwepesi wa kushika. Mtunzi alifurahi, kusema kweli. Hakuwahi kuulizwa maswali mazuri namna ile na mtu aliye hai.

Baada ya mwezi Marehemu akaandika utungo mpya. Mtayarishaji aliusikia mara moja tu, akampigia Mtunzi simu.

"Upande wa pili tumempa yeye. Watu wanamjua."

"Na zangu?"

"Zako nzuri sana. Tuvute subira."

Marehemu aliona aibu. Alikataa, akakataa tena, kisha akauliza picha ya jalada ingepigwa lini.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Magazeti yalisifu ujana wa Marehemu.

"Usinune," dada mtu alimwambia Mtunzi mlangoni. "Umemfundisha vizuri mno."

Kesho yake asubuhi Marehemu alimkuta Mtunzi jikoni, akiandika.

"Kinachofuata baada ya vimya ndicho hicho?" akauliza, akichungulia.

"Ndicho, mzee."

Mtunzi akasogeza karatasi zake, akampisha mezani asome.