Tairi za Waya

Saa kumi na moja jioni, Jumamosi ya kwanza ya Agosti 1996, moshi mweusi ulipanda tena nyuma ya nyumba za mtaa wa Mowlem. Truphena alifunga dirisha, akaziba upenyo kwa leso. Alikuwa amechelewa, kifua cha bintiye Elsie kilishaanza kulia kama filimbi. Daktari alikuwa amesema wazi: moshi usipokoma, mtoto apelekwe kwa nyanyake kijijini Bunyore.

Hakuwafuata vijana waliokuwa wakichoma tairi. Alikwenda kwa Kimanzi, fundi wa akala, viatu vya tairi kuukuu.

"Mimi situpi kitu, Mama Elsie," Kimanzi alijigamba, kisu kikipita ndani ya mpira. "Tairi ni soli, tyubu ni kanda."

"Na zile tairi ulizoweka kando?"

"Zile zina waya ndani. Akala yake itamtoboa mteja mguu. Huwapa wale vijana, akina Aloo."

"Wanazifanyia nini?"

Kimanzi aliutazama moshi. Aloo aliunguza mpira ili abaki na waya, auuze kama chuma chakavu.

Truphena hakubembeleza. Palikuwa na korongo lililokuwa likila njia ya kanisani. Alimweleza Kimanzi kwamba zile tairi za waya zikishindiliwa udongo zingeshika ukingo wake. Kimanzi alikubali kuzitoa. Jumapili baada ya ibada walizipanga moja juu ya nyingine, majirani wakikanyaga udongo kwa viatu vya kanisani.

"Niaje, mathe!" Aloo aliita akipita. "Mnazika tairi? Kwani nani amekufa?"

"Hajafa bado. Ndiyo maana tunazika," Truphena alijibu.

Watu waliangua kicheko. Aloo hakucheka.

Alhamisi Truphena alipotoka kazini, ukingo ulikuwa mashimo matupu. Alimkuta Kimanzi ameketi, kisu chini.

"Aloo ndiye huniletea tairi za nailoni, zisizo na waya, kutoka gereji za Pumwani," alisema bila kuinua macho. "Mimi humwachia za waya. Ndivyo tulivyoelewana tangu zamani. Amesema bila waya, hakuna tairi. Nikamwambia akachimbue."

"Na ulijua Elsie yuko nyumbani."

"Nilijua. Nami nina wangu wa kulisha."

Truphena aligeuka, akaondoka. Kabla hajafika kwake, moshi ulikuwa juu ya paa.

Jumamosi asubuhi Elsie alipanda basi la Bunyore pamoja na nyanyake aliyekuja kumchukua. Akala ndogo ambazo Kimanzi alimletea mtoto usiku uliotangulia zilibaki kizingitini.