Tanga la Mwalimu Gaudens

Bi Tunu alikuwa ameshona maturubai ya harusi pale Tandika kwa miaka ishirini na miwili, lakini tanga hakuwahi kulishona. Kwa hiyo Mwalimu Gaudens alipofika kibandani kwake na karatasi ya vipimo, alidhani mzee wa watu kakosea mlango.

Mwalimu alikuwa mstaafu, mtu wa Bukoba, aliyefundisha jiografia mpaka nywele zikamwisha kichwani. Alikuwa amenunua boti kuukuu ya matanga, ya kusafiria bahari kuu, akaikarabati miaka mitatu pale Kunduchi. Kilichobaki ni tanga kubwa. La zamani lilikuwa limeoza hata halipimiki. Karatasi ilisema ubavu wa mlingotini ni mita kumi na moja na sentimita ishirini, na upande wa chini mita nne na kumi.

Bi Tunu aliisoma mara mbili, akakataa kukata kitambaa. Alimweleza kwamba yeye huamini futikamba, si karatasi, na kwamba kwanza autie machoni huo mlingoti.

Jumamosi akaenda Kunduchi na mdogo wake Shamimu, anayeshona naye. Mwalimu aliwaeleza kwa haya kuwa mtu hupandishwa mlingotini kwa kiti cha turubai kilichofungwa kamba, ila yeye ana magoti mabovu na hajawahi kuthubutu. Kumbe ndiyo maana aliing'ang'ania karatasi.

Bi Tunu akajifunga kanga vizuri juu ya suruali, akakaa kitini.

"Nivuteni," alisema, "ila mkiniachia, sie hatuongei tena."

Wakamvuta. Njiani alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa juu kabisa. Kisiwa cha Mbudya kiko pale, mawimbi meupe yanakizunguka, na upande wa bara moshi wa kiwanda cha saruji cha Wazo unapanda taratibu. Akasahau kilichompeleka. Shamimu alimwita mara tatu ndipo akashusha futikamba kutoka kwenye roda ya kupandishia tanga mpaka boriti ya chini ya tanga.

Shamimu akasoma: mita kumi na sentimita sitini.

Zilipungua sentimita sitini. Mwalimu alikaa chini, akafikiri, kisha akakumbuka aliyemuuzia boti alivyosema kuwa mlingoti wa awali ulivunjika, ukawekwa mwingine mfupi; karatasi ikabaki ile ile. Wangekata siku ile, kitambaa chote kingeharibika.

Waliazima ukumbi wa harusi asubuhi ya Jumanne, wakasukuma viti ukutani na kuchora pembetatu kwa chaki sakafuni. Mwalimu akafundisha kwamba tanga halikatwi kama shuka. Ubavu wa mlingotini lazima upinde kidogo, ili upepo ukiingia litoe tumbo. Bi Tunu alicheka sana. Maisha yake yote alikuwa akishona kitu kisilegee, na sasa anaombwa tumbo. Akaupinda ufito mwembamba, akaufuatisha kwa chaki, na mstari uliopinda ukatoka vizuri.

Siku ya kulipandisha, tanga lilifika juu na kubakiza nafasi ya vidole vitatu. Upepo ukaingia. Mikunjo ikajinyoosha mmoja mmoja, boti ikalala ubavu kidogo na kuanza kwenda.

"Limekaa," alisema Mwalimu, akageuka pembeni kufuta miwani.

Walizunguka Mbudya, wote watatu wamelowa chumvi, Shamimu akiimba. Walipokuwa wanarudi, Bi Tunu alikuwa ameshaanza kulikagua tanga dogo la mbele. Mwalimu alimhakikishia kuwa lile bado zima.

"Mwalimu, mishono ile imekufa," alisema Bi Tunu, huku akitoa futikamba mkobani. "Hebu nishikie hapa."